Kiti cha Marehemu Abedi

Kile kiti Mwanvua alikichukia kabla hakijatua chini. Alikuwa ametoka hospitali siku hiyohiyo, alama za sindano bado mbichi mkononi, na kitu cha kwanza alichokiona nyumbani kwake Dilala kikawa mwanawe Sadiki na wanaume wawili wa gereji yake wakikitoa stoo, wakikipangusa, wakikiweka barazani palepale kilipokuwa zamani. Kiti kikubwa cha mbao ya mukula, chenye mito ya kijani na mikono mipana ya kuwekea kikombe. Kiti cha marehemu mume wake, Abedi.

"Utakuwa unapumuzika hapa, Mama," Sadiki akasema, mwenyewe ameridhika. "Kazi yako sasa ni kupumuzika tu. Kintu yoyote unataka, unaita, batakuletea."

Mwanvua akamtazama mwanawe, akakitazama kiti. Lo! Wenzake wakitoka hospitali huchinjiwa kuku. Yeye kaandaliwa kaburi lenye mito.

Tusimwonee Sadiki, si mtoto mbaya. Mwezi uliotangulia mama yake alianguka sokoni, mkono kifuani na jasho linamtiririka, na ni Sadiki aliyembeba mgongoni mpaka kwenye gari. Waganga wa hospitali walisema ni mshtuko wa moyo, na kwamba angechelewa kidogo tu wangekuwa wanaongea mengine. Tangu siku hiyo Sadiki alikuwa halali vizuri. Alimpenda mama yake kwa woga, na mtu anayependa kwa woga hasikii la mtu.

Lakini Mwanvua naye alikuwa na yake aliyoyaona. Abedi pia moyo ulimkamata, miaka hiyo, njiani akitoka Lubudi. Alipopona, ukoo mzima ulikutana na kukubaliana kwamba moyo uliochoka hupumzishwa. Basi akakalishwa kwenye kiti kile. Akaletewa bukari, ugali wa kwao, akaletewa sombe, kisamvu kilichoelea mafuta ya mawese, akaletewa chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Hata birika hakuruhusiwa kuinua. Wapita njia wakasifu: "Angalia vile banamuchunga baba yao!" Tumbo likaongezeka, miguu ikakonda, na kabla mvua hazijarudi Abedi akafa amekaa palepale, kikombe mkononi. Watu wakasema ni mpango wa Mungu. Mwanvua naye akasema ni mpango wa Mungu, kisha moyoni akaongeza kwamba mpango huo wao waliusaidia sana, akaomba msamaha kwa Mola kwa kuwaza hivyo, na bado akaendelea kuwaza.

Ndiyo maana munganga, daktari wa kliniki, alipomweleza, siku ya kutoka hospitali, kwamba moyo ni nyama kama nyama ya paja, kwamba usipotumiwa unalegea, Mwanvua alikuwa ameshaelewa kabla sentensi haijaisha. Kliniki ilikuwa na kikundi cha watu waliopona mshtuko wa moyo. Walikutana asubuhi, wakafanya mazoezi, wakatembea chini ya uangalizi. Munganga alimtaka aingie.

"Munganga," Sadiki akadakia, "mama yangu haiko mutu ya mupira."

"Hakuna mupira. Ni kutembea."

"Atembee aende wapi? Nyumba iko na kila kintu."

Walipofika nyumbani, kiti kikishatua barazani, Sadiki akachukua ufunguo wa lori, akautia mfukoni. Hapo ndipo alipomchoma mama yake kweli. Lori lile Mwanvua alilinunua mwenyewe baada ya kufiwa, la zamani, bovu kila mwezi, na alikuwa akipanda pembeni ya dereva kwenda Lubudi kununua mahindi na maharage. Barabara nzima ilimjua. Alikuwa akiwapungia watu kwa mtandio wake mwekundu wenye maua ya njano, akiwatania askari wa vizuizi mpaka wanasahau walichotaka kuomba. Kumnyang'anya lori Mwanvua ni kumwambia kwamba uhai wake umerudi lakini yeye asirudi.

Munganga aliahidi kitu kimoja, na Mwanvua akakishika kwa meno. Juu ya kliniki kuna mteremko mrefu unaokwenda mpaka kwenye tangi la maji, ambalo watu wa mtaa wanaliita shato. "Siku utapanda mupaka ku shato bila kusimama, na pumuzi iko muzuri," munganga alimwambia, "mi mwenyewe nitamuita Sadiki, nitamwambia akurudishie lori."

Sasa atatokaje nyumbani? Hapo Mwanvua aligundua jambo: Sadiki alikataza kutembea, hakukataza kukaa. Kukaa kuliruhusiwa popote. Mtaa wa pili alikaa Mama Agnès, mjane Mkatoliki, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, ambaye naye moyo ulimwangusha na naye alikuwa kwenye kikundi kilekile.

"Ninaenda kukaa kwa Mama Agnès," Mwanvua alisema kila asubuhi ya mazoezi.

"Muzuri sana, Mama. Mukae."

Na kweli walikaa. Walikaa wakavaa raba, kisha wakaondoka.

Siku ya kwanza Mwanvua alifika nguzo ya pili ya umeme, akashika nguzo kwa mikono miwili na kulia kwa hasira. Yeye, aliyekuwa akipakia magunia! Kikundi kiliongozwa na Donatien, fundi wa mazoezi ya viungo, kijana mrefu mwenye koti jeupe na subira ya punda. Hakumbembeleza. Alimwonyesha namna ya kuweka vidole viwili chini ya kidole gumba, juu ya mshipa, asikilize moyo wake mwenyewe.

"Unasikia?"

"Ninasikia. Unakimbia kama mwizi."

"Basi umungojee atulie, tuendelee. Mukiweza kuongea, tunaenda. Mukikosa pumuzi ya kuongea, tunapunguza. Sheria ni ile tu."

Mama Agnès aliitafsiri sheria kwa namna yake: badala ya kuongea, akaimba. Akaimba nyimbo za kanisani, polepole, zile zinazoimbwa hata misibani, na wenzake wakaitikia. Mwanvua hakuimba za kanisa. Alivumilia ubeti mmoja, wa pili akauchanganyia kaswida, na Mama Agnès akamwambia kwamba Mungu ana masikio mawili, amwachie moja.

Watu walipungua, tusifiche. Mmoja alichukuliwa na wakwe zake wakisema anaaibishwa barabarani. Mwingine alikatazwa na mchungaji wake, aliyemwambia kutembea ni kukosa imani. Kila walipopungua, Mwanvua alizidi kuwa mkaidi. "Mi sitoki," alimwambia Donatien. "Hata banivute na lori."

Jambo moja zaidi lazima lijulikane. Nyuma ya kikundi, mlinzi wa kliniki alisukuma kitanda cha magurudumu, iwapo mtu ataanguka. Juu yake walilaza chupa ndefu ya hewa ya oksijeni na vifurushi vyake, na kwa sababu malori ya madini yanapita pale yakimwaga vumbi jekundu juu ya kila kitu, Donatien alifunika vyote kwa shuka jeupe, akalichomeka vizuri pande zote. Kwao lilikuwa shuka la vumbi. Hakuna aliyewahi kusimama pembeni akaangalia msafara ule kwa macho ya mpita njia.

Ikafika asubuhi moja ya kiangazi, baridi kali alfajiri, jua kali mara linapotoka. Mwanvua alianza kupanda akiwa amejifunga mtandio wake mwekundu. Nguzo ya pili ikapita. Nyumba za zamani za kampuni ya madini zikapita. Pale alipozoea kusimama akasikia mwili umepata joto na miguu inadai zaidi. Akavua mtandio, akaurusha juu ya kitanda cha magurudumu, akashika njia.

"Mama Mwanvua, polepole!" Donatien akaita.

"Ninaongea ao siongei?" Mwanvua akajibu bila kugeuka. "Ninaongea! Sheria yako ni ile tu!"

Akampita Donatien. Akapita kona, akawaacha wote nyuma, akawa peke yake na mlima. Alijisemea kwa sauti njia nzima: majina ya vituo vya barabara ya Lubudi, majina ya wateja, majina ya askari wa vizuizi na wake zao. Pumzi haikukatika. Alipolifikia shato aliweka kiganja kwenye ukuta wake wa saruji, baridi bado, akaweka vidole viwili kwenye mshipa. Moyo ulikuwa unapiga kwa nguvu, kwa mpango, kama mtu anayefanya kazi anayoijua. Mwanvua akacheka peke yake, akalia, akacheka tena. Tangu amzike Abedi hakuwahi kufurahi hivyo.

Donatien alipofika alimkuta anacheza. "Ninamupigia munganga sasa hivi," akasema. "Sadiki ataitwa leo."

Mwanvua na Mama Agnès wakateremka wawili, mdogomdogo, wakipanga safari. Simu ya Mwanvua ilikuwa kwa Mama Agnès, alikoiacha, ikilia peke yake ndani ya nyumba tupu.

Walipokata kona ya mtaa wake, Mwanvua akasimama. Mbele ya ukuta wake kulikuwa na pikipiki nyingi, na kila moja imefungwa tawi la majani mabichi mbele, alama ya msiba. Turubai limetandazwa. Viti vya plastiki vimejaa watu. Ndani wanawake wanalia.

"Mungu wangu," akanong'ona. "Sadiki."

Hakufikiria mwingine. Kile kiti kikamjia machoni. Akaona mwili mnene wa mwanawe umelala, akaona kikombe. Kisha akaanza kwenda, haraka, Mama Agnès akimvuta nguo nyuma: "Polepole, dada! Ongea! Ongea!" Mwanvua hakupunguza. Akasukuma geti.

Mwanamke aliyekuwa analia kuliko wote, jirani wa mkono wa kushoto, alimwona wa kwanza. Kilio chake kikakatika katikati, mdomo ukabaki wazi. Kisha wa pili. Kisha baraza lote. Sheikh, aliyekuwa na tasbihi mkononi, akarudi nyuma hatua na kusoma alichoweza kukumbuka. Juu ya meza kulikuwa na sanda iliyokunjwa, pamba, chupa ya marashi.

"Nani amekufa?" Mwanvua akauliza.

Watu wakafungua njia, na mwisho wa njia, kwenye kiti cha Abedi, alikuwa amekaa Sadiki, macho mekundu, tumbo juu ya mapaja, kikombe cha chai yenye sukari mkononi.

"Mama," akasema kwa sauti ya mtoto. "Ni weye."

Ilibidi Guelord, aliyeleta habari ya msiba, aletwe kutoka nyuma ya pipa la maji alikojificha. Guelord ni manseba, mwendesha pikipiki wa mtaa, aliyembeba Mwanvua mara nyingi kwenda sokoni. Alikuwa akipita mteremkoni asubuhi, akaona mtu wa koti jeupe, wazee wanatembea polepole nyuma yake, wimbo wa msiba, na kitanda kimefunikwa shuka. Akazima mashine, akavua kofia, kama alivyofundishwa na wazazi wake. Halafu akauona mtandio.

"Mutandio ulikuwa juu ya maiti, Mama," akasema karibu kulia. "Na weye sikukuona kwa balio nyuma."

"Sababu nilikuwa mbele!" Mwanvua akasema. "Mbele ya bote!"

Kwa jamaa wengine kosa kama hilo lingekufa lenyewe, maana kwao maiti hulala, ndugu hungojewa, maswali huulizwa. Lakini watu wa Mwanvua ni Waislamu, maiti halazwi, na siku za kiangazi jua haliwangojei wanaochelewa. Simu ya mama haijibiwi, nyumba ya Mama Agnès imefungwa, basi Sadiki alimtuma mtu kliniki kuuliza maiti iko wapi, na hakungoja jibu. Akatafuta sanda. Akamwita Sheikh. Akatuma vijana wachimbaji wa kobalti kwenda makaburini, na hao kuchimba ndiyo kazi yao. Walikuwa wameshazama mpaka kiunoni.

Kwanza watu wakacheka, kicheko cha kutoa hofu. Kisha Sadiki akainuka nusu, na hofu yake ikageuka.

"Ulikuwa wapi?"

"Ku shato."

"Ku shato? Na miguu?"

"Unataka nipande na nini, na masikio?"

"Mama, unataka kujiua! Unatudanganya kila siku, unasema unaenda kukaa! Na roho yako ya kugonjwa! Bantu, mumusikie!"

Na watu, jamani, wakamsikia. Waliokuwa wakicheka sasa wakatikisa vichwa. Mgonjwa hutulia, mmoja akasema. Mtoto ana haki, akasema mwingine. Hata Sheikh akakohoa kidogo na kusema kwamba mwili ni amana. Mwanvua akaona wanamzunguka kwa upole uleule waliomzungukia Abedi, na hasira ikampanda kutoka kwenye raba zake mpaka utosini.

"Kweli mwili ni amana, Sheikh," akasema. "Njo sababu siikalii. Mungojee niwaambie kintu. Mumeleta sanda. Mumeleta pamba. Kaburi munachimba, na saa sita haiyafika. Mulifanya mbio sana, aksanti. Lakini kunisindikiza mupaka kwenye ile mulima, mi niko muzima, hakuna hata mumoja alipata nafasi. Mama Agnès tu, na eko mugonjwa kama mi!"

Wazee wakaitazama sanda juu ya meza.

"Mi nilijua," sauti ikasema. Alikuwa Rachida, mke wa Sadiki, amesimama mlangoni na sinia tupu. "Raba zilikuwa zinarudi na vumbi nyekundu. Mi njo nilikuwa naziosha."

Sadiki akamgeukia mkewe kana kwamba naye amefufuka. "Weye?"

"Mama alikuwa anakula muzuri. Analala muzuri. Anatusi batu muzuri. Niseme nini?"

Mwanvua alitaka kumkumbatia, lakini kwanza akamuuliza kwa nini sinia tupu. Wageni wamekuja kumlilia, hata kama wamekuja bure, hawawezi kuondoka bila chai.

"Makala ya jiko imeisha, Mama. Tulipika chai ya kwanza, ikakwisha yote."

Mwanvua akatazama kile kiti. Akamtazama aliyekikalia: tumbo lile, kikombe kile, mkono umelala pale pale mkono wa Abedi ulipokuwa ukilala. Akaogopa kuliko alivyoogopa getini.

"Sadiki. Simama."

Akasimama.

"Lete shoka."

"Mama... ile ni kiti ya Baba."

"Ninajua ni ya nani. Baba yako alimaliza kuikalia. Mi siikalii. Na weye hautaikalia tena, ukisikia mi niko hai. Pasua."

Wazee wakaguna. Sadiki akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kumwokoa, akakuta Rachida ameshika shoka, amelinyoosha kwake mpini mbele. Akalichukua. Pigo la kwanza liliteleza. La pili likaingia. Mukula ni mti mgumu, na kiti kile kilitengenezwa na mtu aliyeheshimu kazi yake. Kilipasuka kwa shida, mguu, mgongo, mkono mmoja, mkono wa pili. Sadiki alilia akipasua, na hakuna aliyemcheka. Alipomaliza, shati lilikuwa limemgandama, mdomo wazi, mabega yanapanda na kushuka. Akarudi nyuma kutafuta pa kukaa, kwa mazoea, na pakawa hapana kitu.

Mwanvua akamshika mkono. Akaweka vidole viwili chini ya kidole gumba.

"Mi niko muzuri, Mama."

"Nyamaza nisikie." Akasikiliza. Akainamisha kichwa, akasikiliza tena. Baraza lote likasikiliza pamoja naye. "Sasa sema jina yako. Yote, na ya baba yako, na ya babu yako. Bila kukata pumuzi."

"Sadiki Abedi..." akaanza, na pumzi ikakatika. Akajaribu tena. Ikakatika palepale, kwa Abedi.

Mama na mtoto wakatazamana. Hapo Sadiki akaelewa, na uso wake ukaonyesha kwamba ameelewa. Simu ikalia mfukoni mwake. Aliitoa, akaona ni kliniki, akampa mama yake, kwa sababu yeye hakuweza kuongea.

"Munganga? Ni mi," Mwanvua akasema, mkono wa mwanawe bado haujaachiwa. "Ndiyo, nilifika. Bila kusimama. Sadiki eko hapa, ufunguo ananipa." Akanyoosha kiganja, na ufunguo ukatua juu yake, umelowa jasho. "Lakini kesho umupime mutu ingine. Halafu ukimukubalia, Donatien amuweke nyuma kabisa, pembeni ya kitanda. Nafasi ya mbele ni yangu."

Akamgeukia Guelord. "Na weye, wahi kule makaburini. Baambie barudishe ule udongo yote, na bakimaliza bakuje kunywa chai."

Mbao ya mukula iliwaka vizuri na chai haikuchelewa. Sheikh alikunywa, waliaji walikunywa, Mama Agnès alikunywa akiimba. Sadiki alikunywa ya kwake amesimama, bila sukari.